Wanawake wa Meza ya N

Mimi sina kura Uganda. Nilizaliwa ng'ambo ya mto Lwakhakha, upande wa Kenya, nikavuka mipaka mpaka askari wa mipaka wakanichoka, na sasa nimepanga chumba Walukuba, pale Jinja, katika zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa viwanda. Kwa hiyo mtu asinizushie kwamba nina chama. Nilicho nacho ni kinyongo, nacho ni cha Gordon Khaemba peke yake.

Khaemba alikuwa mbunge huko Mbale vipindi viwili. Uchaguzi wa Januari akaangushwa na Magid, muuza mabati na misumari. Kuanguka si kosa, hata mti huanguka. Kosa ni alilolifanya wiki iliyofuata.

Marehemu ndugu yangu aliniachia binti mmoja, Daphine Nafuna. Daphine alikuwa na kibanda cha chakula Nabuyonga, huko huko Mbale, kwenye safu ya vibanda vya Khaemba vinavyotazama barabara. Matoke, mchuzi wa karanga, na malewa, yale machipukizi ya mianzi, akiyapata kutoka mlimani. Siku alipopiga simu nilikuwa nimekaa kwenye baraza la jirani yangu Nulu.

"Papa," alisema, maana kwetu ndugu wa baba ni baba, "wamemwaga mchuzi."

"Nani kamwaga?"

"Watu wa mheshimiwa. Sufuria nzima, papa. Barabarani. Wateja wameshika sahani wanangoja."

Hakulia. Angelia labda ningetulia.

"Kibanda wametia kufuli," akasema. "Cha Nandudu pia. Cha Nabifo. Sisi wa N wote."

Sikuelewa habari ya N mpaka aliponieleza, nami naieleza hapa kwa asiyeijua. Huko, kituo cha kura kikiwa na watu wengi hugawanywa kwa herufi za majina ya ukoo. Uwanja mmoja wa shule unakuwa na meza tatu: A mpaka M hapa, O mpaka Z kule, na N peke yake anapewa meza yake. N anajaza meza nzima kwa sababu ya wanawake. Mwanamke wa Kigisu jina lake huanza na N: Nafuna, Nambozo, Nandudu. Mwanamume wa N ni wa kutafuta kwa tochi. Halafu kura zinahesabiwa palepale, jua linawaka, kila meza na hesabu yake, na matokeo yanasomwa kwa sauti mbele ya watu. Kura ya mtu ni siri. Meza si siri.

Meza ya N ilimpa Magid mia nne na ushee. Ilimpa Khaemba tano.

Na sababu kila mtu Nabuyonga anaijua. Kwenye mkutano wake wa mwisho Khaemba alishika kipaza sauti akasema kura ya mwanamume ni ya kuhangaikia, ila kura ya mwanamke ni kipande cha sabuni. Wanaume wakacheka. Akagawa sabuni. Wanawake wakapokea kwa mikono miwili na vigelegele juu.

"Tuliogea, papa," Daphine aliniambia. "Tukaenda kupiga kura tukiwa safi."

Nilipokata simu Nulu alikuwa ananitazama. Huyu Nulu ni dada mkubwa wa Khaemba, tumbo moja. Aliolewa na Mwislamu wa kiwandani hapa Jinja, akaingia dini ya mumewe, mume akafa, yeye akabaki Walukuba. Tangu ndugu yake awe mbunge, alikuwa akivuka daraja la Jinja kwenda Kampala kila wiki bila kukata kona kumsalimia.

"Mchuzi wa karanga?" akaniuliza.

"Wa karanga."

"Gordon huyo. Utotoni alikuwa akifungwa goli anauficha mpira." Akatema makapi ya miwa. "Nenda, Makokha. Lakini usimpige. Ukimpiga atakuwa mgonjwa, watu watampelekea matunda."

Nikaenda. Njia nzima, Iganga mpaka Tirinyi mpaka naiona milima, nilikuwa nafikiria petroli. Nasema kweli. Nilijua lilipo ghala lake kule upande wa viwanda, nilijua na mlinzi wake anapenda usingizi. Chakula kilichoiva kumwagwa chini mbele ya wenye njaa, kwetu hilo ni jambo la kuletea ukoo laana, na mimi sikutaka kuingoja laana. Laana huchelewa.

Daphine akanikataza. "Nataka kibanda changu," alisema. "Moto wako utanipa kibanda? Nina watoto wawili shuleni. Twende tukaombe."

Tukaenda kuomba. Mlinzi wa getini aliposikia Kiswahili changu, ambacho huko ni lugha ya wanajeshi, akasimama wima.

"Afande, unataka nani?"

"Bosi wako."

"Ndiyo, afande. Pita, afande."

Sikumsahihisha.

Sebule ilikuwa imejaa mawakala wake, wamezama kwenye makochi kama watu wa matanga. Mpwa wake Cliff, kijana wa Kampala, alikuwa na kompyuta mapajani, na ile kompyuta imeunganishwa na televisheni kubwa ukutani. Ukutani kulikuwa na jimbo zima. Aliposhinda mheshimiwa pamepakwa zambarau, aliposhindwa pamepakwa kijivu. Walikuwa wanalichambua kama daktari anavyomchambua maiti: huyu amekufa kwa nini.

"Mzee, wewe ni nani?" Khaemba akauliza.

"Baba wa huyu."

"Na huyu ni N?"

"Nafuna, mheshimiwa," Daphine akajibu, amepiga goti.

"Basi hakuna mazungumzo. Cliff, waonyeshe."

Cliff akabonyeza. Uwanja wa shule ya Nabuyonga ukajaa ukuta mzima, meza tatu. Ya A mpaka M ilikuwa nusu kwa nusu. Ya O mpaka Z ilikuwa zambarau, maana wanaume wa Kigisu wengi ni W, Wabwire na Wandera na Wamimbi. Ya N ilikuwa kijivu tupu.

"Wanaume wamenibeba," Khaemba akasema, "wanawake wamenizika. Nusu ya meza ile tu, leo ningekuwa naapishwa. Wanakaa kwenye vibanda vyangu, wanachota maji kwenye bomba langu, wananipa tano! Mimi! Sasa kila N aliye kwenye mali yangu anatoka. Mmoja mmoja."

"Mheshimiwa," Daphine akasema, "mimi umejuaje nilivyopiga?"

"Sihitaji kujua. Nani anahesabu mchwa mmoja mmoja? Unachimba kichuguu."

Mawakala wakacheka. Mmoja akarudia, "Unachimba kichuguu!" akapigwa mgongoni. Nami nilikuwa nimeshika kofia yangu mikononi, nafikiria ghala lile, nafikiria kiberiti, wakati mkewe alipoingia na sinia ya chai.

Hapo petroli ikanitoka kichwani. Niliona kitu kinachowaka kuliko petroli.

"Mheshimiwa," nikasema, "nina swali la mtu asiyesoma. Mama watoto, jina lake la ukoo ni nani?"

Cliff akaifunga kompyuta taratibu, ukuta ukawa mweusi, nikajua kijana alikuwa ameshaliona hilo zamani akaogopa kulisema.

"Nekesa," mwenyewe akajibu, huku anaweka kikombe mbele ya mumewe. "Sheryl Nekesa."

"Na mama mzazi?"

"Nambozo!" Sauti ilitoka kwenye korido. Bibi alikuwa amekaa huko na mkeka wake, anasikia kila kitu. "Nambozo nipo. Nani ananiuliza?"

"Na shemeji zako, mheshimiwa? Na yule anayepika? Na yule anayefua?"

Nilimsaidia kuhesabu, maana majina Daphine alikuwa amenitajia njiani, wote aliwaona kwenye mstari siku ile, wamesimama na kitenge kipya. Walikuwa wanane.

"Wanane wanakula chakula chako," nikasema. "Na kura ni tano. Sasa, hata kama soko zima lilikunyima, mheshimiwa, hata kama Nabuyonga yote haikukupa moja, humu ndani mwako wapo watatu waliokunyima."

Nililisema polepole, kama mtu anayemnywesha mgonjwa dawa, nisije nikamwaga tone. Nikamtazama usoni likiingia. Nimekunywa vitu vingi katika nchi nyingi, sijawahi kunywa kitamu kama uso ule.

Angekuwa na akili angecheka, angesema mzee kunywa chai uende. Lakini mtu aliyezoea kulipiza hawezi kuacha kidonda bila kukitia kidole. Aliwaita wote sebuleni, mbele ya mawakala, mbele yangu. Akawapanga ukutani.

"Mlimpigia nani?"

"Wewe," Sheryl akasema.

"Wewe, shemeji."

"Wewe, bosi."

"Wewe."

Wote wanane. Mpishi akaongeza na kuapa kwa mtoto wake.

"Nane!" Khaemba akamgeukia mpwa wake. "Cliff! Tano inakuwaje nane?"

"Haiwi, mjomba," Cliff akasema, macho chini.

Akaenda chumbani akarudi na Biblia. Akaanzia kwa mama yake. Nambozo aliitazama Biblia, akamtazama mwanawe, mikono yake ikabaki ndani ya leso.

"Gordon. Nilipokuzaa sikukuuliza utanipa nini. Leo unaniuliza mimi nilikupa nini?"

"Shika, mama. Mbona unaogopa kama ulinipigia?"

"Sishiki."

"Basi sikilizeni." Sauti ilimpanda ikawa kama ya mtoto. "Mpaka watatu wale wajitokeze, hakuna N atakayelala chini ya paa langu. Hata mmoja!"

Nadhani alingoja wapige magoti. Nambozo akajifunga leso kiunoni. "Haya, wasichana," akasema, "tumefukuzwa." Wakatoka mmoja nyuma ya mwingine kama wanaenda mtoni. Sheryl alitoka wa mwisho, akalaza sinia juu ya ile kompyuta ya Cliff, chai bado inatoa mvuke.

Nje ya geti nilikuwa nacheka peke yangu. Daphine hakucheka.

"Papa, tulikuja kuomba kibanda."

"Subiri, binti yangu."

"Nisubiri nini? Umevunja nyumba ya watu, na kufuli yangu bado inaning'inia palepale."

Nikavaa kofia yangu.

Wengine walirudi kwao. Nambozo na Sheryl walikuja Jinja kwa Nulu, na Daphine akaja na watoto wake, kwa sababu Mbale hapakuwa na mtu wa kumpa mahali. Vyumba viwili vya Nulu vikajaa mpaka paka akahamia kwangu. Daphine akakaanga chapati barazani, akauzia watu wa Walukuba, lakini baraza si kibanda, na kila jioni aliongea na wenzake wa Nabuyonga kwenye simu. Kufuli bado. Majani yameota mlangoni. Khaemba amesema atakufa kwanza.

Nikamwambia Nulu, "Ndugu yako ana shingo ngumu."

"Mwaka huu una nini?" akaniuliza.

"Una nini?"

"Unagawanyika kwa mbili, wewe mzee. Ni mwaka wa imbalu."

Nikajipiga paji la uso. Mimi mwenyewe nimetahiriwa, na nilikuwa nimesahau! Wagisu hutahiri vijana wao mwaka mmoja na kuruka mmoja, na zamu hii ilikuwa ya Jude, mtoto wa kiume wa Khaemba. Khaemba alikuwa ameshatangaza, ng'ombe ameshanunua, ngoma ameshakodi. Alitaka watu waje kwa maelfu waone kwamba bado ni mkubwa. Sasa nani atatwanga ulezi wa pombe? Shangazi wa upande wa baba hayupo, nani atampokea kijana na kumpaka kimea? Na siku yenyewe, kijana akisimama uani mbele ya kisu, mama yake hukaa ndani, sakafuni, ameshikilia nguzo ya kati kama siku aliyomzaa. Nyuma ya jumba la Khaemba kuna kinyumba cha nyasi cha marehemu baba yake, nguzo iko. Mama wa kuishika alikuwa Walukuba anamsaidia Daphine kuuza chapati.

Na kijana asiyesimama mwaka wake hungoja miaka miwili, na miaka yote miwili wanamwita mwoga.

Jude alikuja kwanza kuwaalika, njuga mapajani, na wenzake wa kumsindikiza, akacheza barazani mpaka majirani wakatoka na masufuria ya kupiga. Mama yake alimtazama kutoka mlangoni, kanga mdomoni. Nulu akampa kuku jike.

"Kuku ni wako, mwanangu, huna kosa," akamwambia. "Sisi tutakuja baba yako akituita kwa mdomo wake mwenyewe."

Khaemba akaja. Gari lake halikuweza kupita kati ya zile nyumba, ikabidi aliache kwa fundi baiskeli atembee kwenye matope na viatu vyake vyeusi. Nulu alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa.

"Dada."

"Nani huyo? Macho yangu yamezeeka. Ni yule wa darajani?"

"Dada, ni Gordon."

"Aa. Gordon asiyekata kona. Kaa."

Kigoda kilikuwa cha mtoto. Alikaa magoti yakiwa karibu na masikio. Nulu akamaliza mchele wote, akaupepeta, akaondoa jiwe moja akalitazama sana. Mimi nilikuwa nimekaa ukutani, nahesabu jasho lake.

"Nimekuja kuwachukua," akasema mwishowe. "Mama. Sheryl. Yaliyopita yamepita."

Mama yake alikuwa anasuka mkeka. Sheryl akasema, "Yalipita wapi? Mimi sikuyaona yakipita."

"Mnataka niseme nini basi? Semeni bei."

"Usituulize sisi," Nulu akasema. "Sisi ni nyumba. Muulize aliyemwagiwa."

Khaemba akamgeukia Daphine. Nilimwona anavyotafuta jina. Hakulijua. Alijua herufi tu.

Nikainama sikioni mwa Daphine. "Mwambie apige magoti. Mwambie alambe mchuzi chini, pale pale barabarani."

"Nyamaza, papa," akasema kwa sauti, kila mtu akasikia. "Mchuzi ulikuwa wangu, na kisasi ni changu."

Nikarudi ukutani kwangu.

"Vibanda vyote vifunguliwe," akamwambia Khaemba. "Vya N wote. Kodi ile ile, na utasema mbele ya watu kwamba hutatugusa. Kufuli ya kwangu nitaitoa mimi. Lakini moto utawasha wewe. Mchana, watu wanataka kula."

"Nitatuma mtu."

"Kumwaga ulituma watu. Kuwasha utakuja mwenyewe."

Alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa anatafuta ukindu wa rangi nyekundu. Alimtazama Sheryl. Akamtazama mpaka kuku aliyekuwa anapita.

"Sawa," akasema.

Nabuyonga ilijua kabla hatujafika. Bodaboda walikuwa wamepanga pikipiki barabarani kama kwenye mechi. Wanawake wa meza ya N walikuwa wamekaa mbele ya vibanda, kila mmoja na kufuli yake mkononi. Khaemba alisema maneno yake haraka haraka, akaambiwa arudie, hayakusikika nyuma. Akarudia. Kisha akavua koti, akalitafutia mahali, hakuna aliyempokea, akalirudisha mabegani. Akachutama mbele ya sigiri ya Daphine.

Hajui kupanga mkaa. Aliujaza kama anayefunga gunia.

"Mheshimiwa, mkaa anataka hewa!" bodaboda mmoja akapiga kelele.

"Toa ingine chini! Unazika moto!"

"Mwacheni, anafanya uchambuzi!"

Watu wakacheka, vicheko vikaenda mpaka kona. Kiberiti cha kwanza kikazima. Cha pili kikazima. Cha tatu kikashika kipande cha nailoni, moshi mweusi ukamrudia usoni. Mimi nilikuwa nimechagua benchi la mbele kabisa, ambako moshi ulikuwa unakuja, na sikuhama. Nilitaka nione macho yake. Watu huniuliza kama sikumhurumia. Sikumhurumia. Hata leo nikikumbuka ile sufuria sioni mahali pa kuanzia.

Nambozo alikuja na fimbo yake akakaa kwenye kigoda karibu na mwanawe, karibu sana, kama angetaka kumfuta masizi. Hakumfuta. Kwa muda walikuwa wawili tu pale chini, na mkaa umeanza kuwa mwekundu kidogo pembeni, na kelele za watu zimewapita juu. Ndipo nikamsikia akiuliza, kwa sauti ndogo, si ya mbunge.

"Mama. Niambie mimi tu. Wewe ulinipigia?"

Bibi akautazama mkaa. Daphine alikuwa amesimama nyuma yao na sufuria mikononi, tayari, karanga ameshazisaga.

"Puliza moto, Gordon," mama yake akasema.

Akainama, akapuliza.